Wiki ya Nimeshiba

Sitaki mtu aniambie Stockholm ni mji mzuri. Najua ni mzuri. Nimeuzunguka kwa miguu hadi soli ya kiatu cha kushoto ikaachia. Nimeona kila kitu ambacho mji ule humpa mtu bila malipo, na mwenyeji wangu alihakikisha kwamba sioni kingine.

Ilikuwa 2012. Nilikuwa Durban, namalizia shahada ya uzamivu, na nilipanga chumba mtaa wa Point, kwenye fleti ya mama mmoja Mkongo mwenye saluni. Mimi ni Mkenya. Mama alitoka Bukavu zamani, na alikuwa amenifanya mwanawe bila kuniuliza kama nataka. Mwanamume ninayemsimulia hapa naye ni Mkenya. Tulisoma pamoja Nairobi, kisha yeye akaenda Sweden na mimi nikaja kusini, tukawa tunaongea kwa simu na kwa kompyuta, mpaka siku moja akaniambia anataka kunioa. Nikamwambia angoje. Mimi siolewi na skrini.

Basi chuo kikanipeleka kwenye mkutano Stockholm, mwezi wa sita. Walilipa tikiti na kitanda katika hosteli ya vijana, nami nikaomba wiki moja ya ziada baada ya mkutano. "Usijisumbue kubeba pesa," akaniambia kwenye simu. "Mimi ndiye mwenyeji wako." Nikamwamini. Pesa yenyewe ya kubeba ilikuwa wapi? Randi ya mwanafunzi ukiivusha bahari inageuka makombo. Lakini nisijifanye nilikwenda kutalii. Nilikwenda kumtazama mtu. Nikirudi ningempa jibu: ndiyo, nafunga virago namfuata, au hapana, tusipotezeane muda.

Kabla sijaendelea, nieleze tulivyolelewa sisi, maana wengine watajifanya hawajui. Kwetu mgeni akiulizwa kama atakula, hujibu ameshiba. Tumbo linaweza kuwa linanguruma hadi jirani anasikia, lakini hujibu ameshiba, kwa sababu kukubali mara moja ni ulafi na ulafi ni aibu ya mama yako. Mwenyeji anajua. Anakwambia, onja kidogo tu. Unakataa tena, sasa kwa sauti ndogo. Anajifanya kukasirika: kwani chakula changu kina sumu? Hapo ndipo unasogeza kiti. Watoto wa miaka mitano wanaujua utaratibu huu.

Siku ya kwanza baada ya mkutano alinipeleka kwenye soko lao la vyakula, la matofali mekundu, safi kiasi kwamba hata samaki hawanuki. Nilizoea soko la Warwick, Durban, ambako ukitaka kununua kuku unamsikia kwanza. Pale kila kitu kilipangwa nyuma ya vioo. Akasimama mbele ya kioo kimoja, akanigeukia.

"Utakula kitu?"

"Hapana, nimeshiba."

"Poa."

Akanunua kipande kimoja cha mkate kilichorundikiwa kamba wa baharini, akakaa kwenye kiti kirefu, akala. Mimi nilikaa pembeni yake nikisoma bei kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Nilingoja aniambie onja kidogo. Alipomaliza alijifuta mdomo akasema, "Twende, kuna mengi ya kuona."

Na mengi yalikuwepo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alijua saa ambazo makumbusho huacha milango wazi bila kiingilio. Alinunua tikiti za treni ya chini ya ardhi tukashuka kituo baada ya kituo, maana kuta za vituo vyao zimechorwa, kimoja kimepakwa rangi nyeupe na majani ya buluu, kingine chekundu kama koo la ng'ombe, na ukiwa na tikiti moja unaweza kuviona vyote usitoke juu. Alinipeleka maktaba, chumba cha duara ambacho vitabu vinapanda hadi juu kukuzunguka, na hakuna askari wa kukuuliza kadi. Nilisimama katikati nikataka kulia, si kwa njaa. Wakati huo nilikuwa naiandikia tasnifu kwenye meza ya Mama, kati ya chupa za mafuta ya nywele.

Alinionyesha walinzi wa mfalme wakibadilishana zamu, bure. Kwaya ikifanya mazoezi kanisani, bure. Wazungu wakiogelea katikati ya mji, kwenye maji baridi kama ya jokofu, bure pia. "Unaona?" alikuwa akisema. "Mtu akiwa mjanja hatumii hata senti." Alilisema hilo kwa fahari kila siku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa asubuhi ya kwanza.

Kule wana desturi ya kukaa na kahawa na andazi la mdalasini, wanakaa muda mrefu, hawaongei sana. Tukaingia mkahawani. "Utachukua andazi?" Nimeshiba. "Poa." Akaagiza kahawa yake na andazi lake. Katika mkahawa ule kikombe cha pili hakilipiwi. Akaenda akajaza cha pili, akarudi nacho, akakinywa taratibu huku mimi nimeshika glasi ya maji ya bomba. Akayasifu na maji. Alisema hakuna mji duniani wenye maji matamu ya bomba kama ule. Harufu ya mdalasini ilikuwa imenikaa kwenye koo. Nilimchukia yule msichana wa kaunta, ambaye hakunikosea lolote, kwa sababu tu alikuwa na andazi jingine mkononi.

Jioni nilirudi hosteli nikala mkate na ndizi za duka la karibu, nimekaa kitandani na wasichana wa Kijerumani wananiangalia. Hapakuwa na giza. Usiku wa manane kulikuwa kweupe, na mtu mwenye hasira anahitaji giza ili alale.

Utasema, si ungesema tu una njaa. Naijua hiyo kauli, nimeambiwa na watu wengi, wote wakiwa wameshiba. Kumwomba chakula mwanamume anayetaka kukuoa, kabla hata watu wenu hawajaonana? Afadhali ndizi.

Siku ya nne tulipanda juu ya jabali ambako unaliona ziwa lote na minara yote, na vivuko vidogo vinapitapita chini. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na vikapu vyao. Yeye alitoa mkate mfukoni, akaniuliza, nikamjibu yale yale, akaula. Nikamuuliza, kwa upole ambao sijui niliutoa wapi, kama anakumbuka jinsi mama zetu walivyokuwa wakiwalazimisha wageni. Akacheka.

"Mimi hayo niliacha," akasema. "Huku watu ni direct. Ukisema umeshiba, umeshiba. Kumlazimisha mtu ni kumdharau. Huku neno ni neno."

Alisema vizuri, macho yake yako ziwani, na mwanga wa kule unampendeza mtu yeyote. Nikajilaumu. Nikajiambia huyu ameishi ugenini miaka mingi, amesahau, na pengine amekuwa mtu bora kuliko sisi tunaozungukazunguka. Tuliposhuka nikamkubalia hata aniombee mkahawani glasi nyingine ya maji.

Niliporudi Durban, Mama alinifungulia mlango akanishika taya, akanigeuza huku na huku kama anayekagua mbuzi.

"Eish, ma fille, binti yangu. Bale bazungu banakula nini? Umekonda ata magoti."

Nikamsimulia yote. Nilimtetea. Nikasema kule neno ni neno, nikasema yule amezoea ya kule, si kosa lake. Mama alikuwa anasonga fufu, ugali wao wa muhogo, na mwiko haukusimama.

"Njaa ya muntu banaionaka ku macho," akasema. "Yeye macho yake ilikuwa wapi?"

Nikamwambia hajasafiri, hawezi kuelewa. Lilikuwa neno baya kumwambia mtu aliyevuka nchi nne na watoto mgongoni. Alinipakulia. Nikasema nimeshiba, akanipiga kofi mkononi, nikala.

Miezi ikapita. Yule wa Stockholm alipiga simu kila Jumapili, anataka jibu. Durban nayo si mji unaombembeleza mtu. Pale Warwick niliwahi kuambiwa nirudi kwetu na mama ambaye dakika hiyohiyo alikuwa ananiuzia mahindi ya kuchemsha, kisha akaniongezea hindi dogo la bure. Nilikuwa nimechoka na mji, na tasnifu, na lifti ya jengo letu ambayo ilikufa kabla sijahamia. Kila nilipopanda zile ngazi niliikumbuka ile maktaba ya duara. Nilikuwa karibu sana kusema ndiyo. Hatimaye nikamwambia: njoo Durban, uniombe mbele ya watu wanaonilisha.

Akaja Desemba. Akafikia kwa mwalimu mmoja Mkenya wa chuoni, ambaye alikubali kuwa msemaji wake. Jumapili baada ya ibada wakapanda ngazi hadi kwetu. Mama alikuwa amealika wanawake wa kanisani, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na tangu alfajiri alikuwa amepika: fufu, sombe ya majani ya muhogo, makayabu, yaani samaki wa chumvi, na kuku wawili wa Warwick. Mimi, kama ilivyo desturi, nilifichwa jikoni, lakini mlango ulikuwa na ufa na macho yangu ni mazima.

Mwalimu akaanza kwa heshima, akasema wao ni wapita njia, wameona ua kwenye boma hili.

"Ua?" Mama akauliza. "Hapa juu, étage ya ine, na chumvi ya bahari inakula ata madirisha? Hapa hakuna ua."

Wanawake wakacheka. Mwalimu ni mtu wa hesabu, akababaika kidogo. Hapo yule bwana wangu akaingilia kati mwenyewe, amesimama, mikono nyuma.

"Mama, mvumilivu hula mbivu. Kama halipo leo, tutangoja hata kwenye ngazi mpaka lichipue."

Vigelegele vikapigwa. Mama akamkatalia tena. Akarudi tena, safari hii amepiga goti, anambembeleza kwa maneno matamu ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Alijua lini ainame, lini acheke, lini amsifu Mama mapishi kabla hajayaonja. Nilisimama nyuma ya ufa nikasogeza jicho karibu zaidi.

Kisha chakula kikaletwa.

"Karibu, mukule," Mama akasema.

"Asante, Mama. Nimeshiba," akajibu. "Tumekula kwa mwalimu."

Akaegemea kiti, akaweka kiganja tumboni, akatabasamu. Na akangoja. Kule kungoja nilikujua. Nilikuwa nimekufanya wiki nzima kwenye viti virefu na mabenchi ya Stockholm.

"Kidogo tu," Mama akasema.

"Kweli Mama, siwezi," akajibu, sasa kwa sauti ndogo.

"Chakula yangu iko na sumu?"

Akasogeza kiti. Akanawa, akamega fufu, akala hadi jasho likamtoka kwenye paji la uso.

Hakuwa amesahau kitu. Kila hatua ilikuwepo, sauti na kiganja na kiti. Alipokuwa anatafuna kamba wake mbele yangu alijua nina njaa. Alipokwenda kujaza kikombe cha pili alijua. Ule mhadhara wa jabalini, wa neno ni neno, aliutoa akiwa anajua. Alitumia adabu yangu kuokoa bei ya andazi, kisha akanifanya nione aibu kwa kuwa nayo. Nimewahi kuchukia watu maishani, lakini kwa kawaida huwa kunachukua muda. Huyu nilimchukia katika muda wa tonge moja.

Mama akaniita. Nikatoka na kitenge kichwani, nikapiga magoti mbele yake. Kwao binti huulizwa mara tatu, na jibu la kwanza halihesabiwi. Anayekubali upesi huonekana alikuwa amesimama mlangoni na sanduku mkononi.

"Ma fille, huyu muntu unamujua?"

"Namjua."

"Tumupokee?"

"Hapana."

Vigelegele. Wanawake wakapiga makofi, mmoja akasema nina malezi mazuri. Yeye akanikonyeza, paja la kuku mkononi.

"Tunakuuliza tena. Tumupokee?"

"Hapana."

Makofi yalikuwa machache zaidi. Mama aliinama, akaniinua kidevu, akaniangalia muda mrefu. Sikufumba macho wala sikulia.

"Ya mwisho," akasema, taratibu. "Tumupokee?"

"Hapana, Mama."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu aliinamisha kichwa akaanza kutafuta funguo za gari mifukoni. Wanawake wakashika mikoba yao. Mama akainuka, akaenda mezani, akafunika sufuria moja baada ya nyingine. Chumba kizima kilikuwa kimeelewa, isipokuwa yeye. Alikuwa bado anatafuna, bado anatabasamu, anangoja niulizwe mara ya nne.