Siku Nilipoitikia Kikohozi

Aibu hii ni yangu, simsingizii mtu wala mbwa, na kila nikiisimulia nainamisha uso kana kwamba wageni wa siku ile bado wamekaa sebuleni kwangu wananitazama. Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi mwenyewe siku nyingine hucheka.

Mume wangu, Papa Aline, alikuwa fundi cherehani hapa Nyamirambo, mjini Kigali, akafariki kwa ugonjwa wa kifua. Alituachia mimi na binti yetu Aline cherehani yake, koti lake la kijivu, na mbwa wake Koplo, mzee wa miaka kumi na mitatu mwenye ndevu nyeupe na jicho moja lililoingia ukungu. Miezi mitatu baada ya mazishi Koplo akaanza kukohoa: mara mbili fupi, kimya kidogo, kisha moja ndefu ya kukwaruza, kama mtu anayetaka kutema kitu kikakataa kutoka. Marehemu alikohoa hivyo hivyo. Na Koplo alianza alasiri, saa zile zile za marehemu, akiwa amelala mlangoni pa chumba chetu.

Mara ya kwanza nilisimama na sufuria mkononi, nywele zikanisisimka. Baada ya wiki chache nilikwishazoea, na baada ya miezi (hapa ndipo aibu inapoanzia) nilikuwa naitika. "Nakuja, Papa Aline," nasema, kisha nampelekea Koplo maji katika kikombe cha bluu cha marehemu, naye anakunywa huku akinitazama kwa lile jicho zima. Aline alinisihi tumpeleke kwa daktari wa mifugo. Nikasema kesho, kesho nikasema keshokutwa, nikampa mbwa asali na tangawizi, nikasema ni vumbi, ni baridi, ni uzee tu. Nilikuwa nadanganya. Niliogopa daktari asije akakiponya kile kikohozi.

Basi ikafika misa ya mwaka mmoja, na baada ya misa watu wakaja nyumbani. Alikuwepo shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekulia Tabora na kuipenda hotuba kuliko chakula. Alikuwepo shangazi yao. Alikuwepo jirani yangu Mama Zubeda na wenzake wa msikitini, walionisaidia kupika tangu asubuhi, na kwa kuwa hawataki mate ya mbwa yaguse nguo zao za swala, nikaamua jambo dogo tu: Koplo akae chumbani kwa muda wa saa mbili hivi. Alipokwaruza mlango nikamfunga shingoni kwa mkanda wa marehemu, nikaufunga na kwenye mguu wa kiti. Alipotetemeka nikamvalisha lile koti la kijivu, miguu ya mbele kwenye mikono, nikafunga vifungo. Nikaurudisha mlango.

Kufika saa kumi, wingu la mvua lilikuwa limefunika Mlima Kigali, sebule imeingia giza, na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa. Shemeji akasimama akasema ndugu yetu amepumzika, hakohoi tena, sasa tusimame dakika moja ya kimya. Tukasimama. Kulikuwa kimya hata nikasikia povu la soda likipasuka ndani ya glasi.

Mara mbili fupi. Kimya kidogo. Moja ndefu.

Kilitoka chumbani kwa marehemu, na hakuna aliyegeuza shingo. Hilo ndilo lililonitisha, watu wazima ishirini wanatazama mbele kama picha ukutani. Mama Zubeda alianza kusoma dua chini chini. Shangazi, ambaye alimwosha maiti kwa mikono yake, alikaa polepole sakafuni. Na mimi mwili wangu ukafanya ulichozoea, nikachukua kikombe cha bluu, nikasema kwa sauti ya kila siku, "Nakuja, Papa Aline, maji haya."

Shemeji akaniuliza taratibu sana, "Shemeji, unaongea na nani?"

Mwenye akili angesema ni mbwa. Mimi nikaona aibu, nikajibu, "Hakuna mtu."

Wageni wawili wakatoka nje bila viatu. Huko chumbani kikohozi kikaja haraka haraka, kikawa mkoromo, na kitu kikaburutwa sakafuni kikija mlangoni. Mlango ukasukumwa kutoka ndani. Likatokea koti la kijivu, limeinama kama alivyoinama mwenyewe siku zake za mwisho, nyuma yake kiti. Likapiga hatua tatu, likaanguka.

Mimi sikusogea, kikombe mkononi. Aliyepiga magoti ni Mama Zubeda, na nguo yake nyeupe ya swala, akafungua ule mkanda shingoni. Ulimi wa Koplo ulikuwa umekuwa wa bluu.

"Nitajitwaharisha baadaye," akasema. Kisha akaniangalia. "Yule amekwenda, Mama Aline. Huyu bado yupo."

Shemeji aliacha hotuba yake hapo hapo, akatupeleka kwa gari lake, Koplo juu ya mapaja yangu. Daktari, binti mpole, alisikiliza kifua muda mrefu. "Mama, hii mbwa iko na moyo mukubwa, inabana njia ya pumzi. Imeanza kukohoa lini?" Nikasema miezi tisa. Hakunigombeza, aliandika tu, na ningefurahi kama angenigombeza. Akatoa vidonge vya kila siku, akasema asifungwe tena shingoni. Ule mkanda niliukata, nikaushona kwa cherehani ya marehemu, nao sasa unamzunguka kifuani.

Koplo anaishi. Hakohoi ila mara moja moja. Sokoni mtu akikohoa, wanawake hunijibia, "Nakuja, Papa Aline," wakaangua kicheko, nami nalipa nyanya zangu nikaenda.

Nimeapa sitaitika tena. Jana alasiri nilikuwa namenya viazi, Koplo miguuni pangu, anapumua vizuri. Akainua masikio, akatazama mlango wa chumba, na mkia ukapiga sakafu, polepole, kama ulivyopiga zamani mwenye nyumba akirudi. Mimi sikusikia kitu.

Sikuitika. Lakini na kugeuka nihakikishe mlangoni hapana mtu, pia sikugeuka.