Meno ya Juu

Lavonne Brekke alizaliwa na hasira, na waliomjua mama yake wanasema hata hizo alipunguziwa. Akikasirika kidogo hupiga kelele. Akikasirika kwelikweli hunyamaza, na hapo wenye akili huchukua makoti yao wakaondoka. Kazi yake ya mwaka mzima ni bucha, na ana mabega ya kazi hiyo. Lakini kila Novemba, msimu wa kuwinda kulungu unapofunguliwa, huketi kwenye meza ya mbao nje ya baa ya Benno Kulas, akawapimia watu pembe za madume waliowaua.

Utaratibu haujabadilika tangu zamani. Mtu humleta dume wake nyuma ya pikapu, pamoja na taya la chini ambalo amekwisha kulikata mwenyewe ili foleni isichelewe. Lavonne hulitazama taya kwanza, maana meno hayajui kudanganya: ya kijana ni makali, ya mzee yamelika yakawa bapa. Ndipo hutoa futi yake ya chuma akaziandama pembe, shina, matawi na unene, akajumlisha inchi, na Benno akaandika namba kwenye ubao ukutani. Ila pembe hupimwa tu kama dume alitimiza miaka minne. Kabla ya sheria hiyo watu wa kilima kile cha Wisconsin walikuwa wakipiga kila chenye pembe, hata kitoto chenye vijiti viwili kama antena ya redio, kisha wanalalamika mbona madume makubwa wako kwa jirani tu.

Aliyeileta sheria ni baba yake Lavonne, mzee Orrin. Ukiua dume mchanga, pembe zake hazipimwi, kofia yako ya kuwindia, ile ya rangi ya machungwa, inatundikwa msumarini ndani ya baa, na msimu unaofuata hushiki bunduki. Hakuna kujitetea. Mwaka uliotangulia kisa hiki jirani yao, Roman Sobotta, alijaribu kueleza kwamba shemeji yake ndiye aliyemhakikishia kuwa dume ni mzee. Orrin akamuuliza mbele ya watu, "Shemeji yako ndiye aliyefyatua?" Roman akavua kofia.

Sasa Orrin alikuwa na miaka themanini na tatu. Mapafu yamechoka, macho yana ukungu, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba Novemba nyingine asiitegemee. Kilimani alipandishwa na mwanawe, Verlyn, aliyekuwa akimwonyesha pa kulenga. Jumamosi ile ya kwanza, watu wakiwa wanakula jibini ya kukaanga huku theluji inawaangukia mabegani, pikapu ya Verlyn ikaingia inapiga honi.

"Njooni muone! Njooni muone alichofanya mzee!"

Wakaja wote, hata Benno akaiacha kaunta. Pembe zilikuwa nene, pana, zimejikunja mbele vizuri, ncha tano kila upande. Orrin mwenyewe alikuwa amekaa ndani ya gari, mlango wazi, anapumua kwa taabu na kucheka kwa pamoja.

"Lavonne! Futi unayo, au umeiuza?"

"Ninayo, Baba. Tulia wewe, usije ukafa kabla sijakutajia namba."

Watu wakaangua kicheko. Verlyn akaweka taya mezani. "Soma hapo, dada. Kizee hicho. Miaka sita, saba."

Kweli lilikuwa taya la mzee, magego bapa, ya kahawia, yamelika karibu na ufizi. Lavonne alifurahi, jambo ambalo halionekani kila siku, na alikuwa amekwisha kufungua kinywa atangaze. Akamgeukia mnyama, akampigapiga shingoni kama mtu anayeshukuru, na mkono wake ukasita. Shingo ilikuwa nyembamba. Mwezi ule wa kupandana, dume mzee huvimba shingo mpaka usijue kifua kinaanzia wapi. Huyu alikuwa na miguu mirefu, tumbo limebana, na shingo ya mwanafunzi.

Akaingiza kidole kinywani, upande wa juu. Hakuna mtu wa kilima kile aliyewahi kuangalia huko, kwa sababu taya la chini lilitosha siku zote. Magego ya juu yalimkwaruza kidole. Yalikuwa makali kama msumeno mpya.

Lavonne akanyamaza. Benno akatafuta koti lake kwa macho.

"Verlyn," alisema. "Njoo huku."

Akamvuta mpaka nyuma ya baa, penye mapipa ya taka.

"Taya hili la nani?"

"La nani vipi? La huyo huyo."

"Usinifanye mjinga. Meno ya chini yametafuna miaka saba, ya juu yametafuna miwili. Alikuwa anakula kwa mdomo wa kuazima?"

Verlyn aliangalia viatu vyake. "La yule jike niliyempiga kwa upinde mwezi uliopita. Lilikuwa kwenye friza."

"Kwenye friza!"

"Niliona pembe, dada. Zilitangulia kutoka kichakani, mwili bado uko ndani, nikamwambia Baba piga. Nilipomfungua kinywa ndipo nikaona. Sasa ningefanyaje? Mzee haoni, hajui lolote. Mwache afe na furaha yake."

"Furaha yake, au aibu yako?"

"Yake, nakuapia."

"Mwongo mkubwa we! Tangu unatambaa unaambiwa tazama shingo, tazama mgongo, tazama tumbo, pembe mwisho. Unaona pembe unatokwa udenda kama mgeni wa mjini! Halafu unamfanya Baba avunje sheria yake mwenyewe, na kumwambia humwambii. Roman anaukaa msimu huu mzima bila bunduki. Nimtazame na macho gani?"

"Sema sita tu. Neno moja. Nani atajua?"

Lavonne alikunja ngumi. Alikuwa na hasira na Verlyn, lakini mbaya zaidi alikuwa na hasira na nafsi yake, kwa sababu kwa kitambo kidogo neno lile lilikuwa limemkaa ulimini, tayari, tamu. Sita. Baba angecheka mpaka nyumbani. Alitema mate kwenye theluji, akarudi mbele.

"Haya, miaka mingapi?" Orrin aliita kutoka garini.

"Miwili na nusu, Baba."

Kicheko kikakatika. "Hebu acha utani. Verlyn kasema ni mzee."

"Verlyn kakuletea taya la mnyama mwingine. Shuka utie kidole mwenyewe."

Mzee alishuka, akishikwa mkono na Benno. Akapapasa pua ya kulungu, akafungua kinywa, akapitisha kidole gego moja baada ya jingine bila haraka. Hakumtukana Verlyn. Hakumwangalia hata kidogo, na Verlyn angependelea matusi.

Roman Sobotta ndiye aliyesema. "Mzee, mimi sina kinyongo. Zipimwe tu. Jicho halikuwa lako."

"Kidole kilikuwa changu," Orrin akajibu, akavua kofia, akampa Benno akaitundike.

Kofia ya Verlyn haikuwa na sheria ya kuitundika, kwa hiyo Lavonne aliinyakua kichwani mwake akaitupa kwenye pipa la moto wa kuota, na hakuna aliyepinga. Watu wakarudi ndani polepole. Orrin akabaki pale, mkono juu ya pembe, anahesabu ncha kwa vidole.

"Lavonne, mwanangu. Si kwa ubao. Si kwa watu. Nipimie nijue mimi tu."

Futi ilikuwa mkononi mwake. Lavonne anakumbuka ubaridi wake mpaka leo.

"Hazipimwi, Baba."

"Hakuna mtu hapa."

"Ulisema hakuna kujitetea. Ulimwambia Roman. Umenilea mimi kwa maneno hayo, leo unataka niyameze?" Sauti ilikuwa inampanda na hakuweza kuizuia. "Hazipimwi!"

Mzee aliondoa mkono kwenye pembe. "Haya," alisema. "Nipeleke nyumbani, nasikia baridi."

Lavonne aliendesha akipiga usukani kwa kiganja kila kona, ana hasira na Verlyn, na sheria, na kulungu aliyeota pembe kabla ya wakati wake. Baba yake alifumba macho.

Orrin alikufa mwezi Machi. Zile pembe ziko buchani, juu ya mashine ya kusagia nyama, na kila mteja ana makadirio yake: inchi mia na thelathini, mia na arobaini, hapana, zaidi. Lavonne hawajibu. Futi iko mfukoni mwa aproni yake na pembe haziko mbali na mkono.

Msimu uliofuata Verlyn alisimama chini ya pembe zile, akasema kwa upole kwamba mzee hayupo tena, sasa hakuna ubaya wa kujua.

"Yeye aliniomba nikamnyima," Lavonne akamwambia. "Nikupe wewe?"