Dawa ya Viazi Niliyoipandisha Juu ya Moto

Mama Furaha alinyang'anywa shamba kwa kosa langu mimi. Si kwa mbegu yake, si kwa uchawi. Kosa ni langu, na leo nalisema hata wakinichukia!

Mimi ni mtunza ghala wa ushirika wetu wa viazi, huku milimani Masisi, mashariki ya Kongo, juu ya mji wa Kitshanga. Kabla ya mvua kubwa tulipokea kutoka kwa wafadhili mankozebu, ule unga wa manjano unaokinga majani yasipate ukungu. Ghala lilikuwa linavuja. Basi nikafanya kama mama yangu alivyofanya na mbegu za mahindi: nikapandisha mifuko yote kwenye uchaga wa jikoni, juu ya mafiga, ikaushwe na moshi.

Mbegu hupenda moshi. Mankozebu haiutaki kabisa! Ndani yake mna salfa, na joto likiungana na unyevu huivunja nguvu. Hayo nilielezwa baadaye na agronomu, mtaalamu wa kilimo. Lakini mfuko wenyewe uliandikwa kwa Kifaransa: weka pakavu, mbali na joto. Maneno hayo niliyasoma. Nikajiambia aliyeandika hajui mvua ya kwetu.

Wiki ya tatu jiko lilianza kunuka yai viza. Unga ulikuwa umeganda mabonge, rangi imefifia. Nilijua kuna kitu kimeharibika. Nikayaponda mabonge, nikagawa hivyo hivyo!

Watu walipuliza dawa mapema, maana dawa hii hulinda jani zima, haiponyi lililokwisha kuugua. Ikawa bure. Siku chache tu, mlima mzima majani meusi.

Kikao kikaitwa.

"Mbegu njo shida, si kingine," alisema prezidenti wetu, mkuu wa ushirika. "Nani alileta mbegu ya inje? Si ule mama?"

Mama Furaha, mjane aliyekimbia vita kutoka Walikale, alikuwa amenunua mbegu sokoni Kitshanga. Akasimama. "Papa, nilipanda ndoo moja tu. Ndoo moja njo imeuwa mulima muzima?"

"Iko na miguu, ile ndoo!" mtu akapaza sauti.

Wakacheka. Nami nilicheka. Ee Mungu, nilicheka! Siku ileile wakamwondoa kwenye shamba alilopewa na ushirika, akarudi kambi ya wakimbizi na watoto wanne.

Nilivumilia siku tisa. Kisha nikaenda kwa prezidenti, nikamweleza yote.

"Dada, nyamaza," akasema. "Wenye kutupa dawa wakisikia, hawatatuma tena. Na ule mama ni muntu ya kuya tu, si wa huku."

"Papa, mimi njo niliharibu dawa. Ye hakuharibu kitu."

"Utapatisha jamaa yako haya."

"Waache wapate haya!"

Jumapili, baada ya ibada, nikasimama mbele ya watu wote nikasema. Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alinitemea mate miguuni. Sikukaa chini mpaka nilipomaliza.

Wewe unayetunza dawa ya wengine, ikibadilika harufu usiigawe, hata ukiogopa lawama. Na akisingiziwa mtu mbele yako, usicheke. Kicheko changu kilimfukuza yule mama zaidi kuliko maneno ya prezidenti.

Nimeomba kikao kingine mara tatu, arudishiwe shamba lake. Hakijaitishwa. Shambani kwa Mama Furaha, mdogo wake prezidenti amepanda maharagwe, na yameshaota.