Shingo Haiuzwi Dukani

Siku zile, mwanangu, nazikumbuka kwa shingo kuliko kwa kichwa. Nilikuwa binti, naandika hati za mizigo ya malori yanayovuka kwenda Zambia, kwenye ofisi ndogo hapa Tunduma. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja mwenyeji wa Ndalambo, tukimwita Mama Siame. Kompyuta ilikuwa moja tu, basi kwa fahari akaiweka juu ya kaunta, kioo kikiangalia mlango, ili madereva waione. Mimi nilikaa kwenye stuli, mgongo nimewapa wateja, shingo juu kama kuku anayekunywa maji, na jua la mlangoni likipiga kioo mpaka macho yanatoa machozi.

Niliumwa, loo! Vidole vilikufa ganzi hata mwiko wa ugali ukanishinda. Lakini nikanyamaza. Kwetu Mbozi kahawa haikutoa kitu mwaka ule, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wangu. Nikisema naumwa, si ataletwa mwingine? Nikajichua kwa dawa, nikacheka na watu.

Asubuhi moja Mama Siame akaniita. Nikageuka mwili mzima.

"We binti, mbona unageuka kama lori lenye tela?"

Alicheka peke yake. Machozi yalinitoka palepale, nikamweleza yote, nikingoja kufukuzwa.

Akaacha kucheka, akasema: "Kompyuta ikiharibika nitanunua nyingine Mbeya. Shingo yako nitainunua duka gani?"

Siku hiyohiyo akaishusha kompyuta kwenye meza ya pembeni, asikoweza kuiona dereva yeyote. Akanitafutia kiti chenye egemeo, akaniamuru niwe nainuka, nanyoosha vidole. Madereva walimtania eti kaiuza. Yeye akicheka tu. Maumivu yalichukua miezi kuisha, lakini kazi sikuipoteza, na mdogo wangu akamaliza shule. Nashukuru, mwanangu. Nashukuru mpaka leo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nawe unayekodolea kioo kutwa, kiweke usawa wa macho, mwanga usikipige, mgongo uupe egemeo, na mara kwa mara inuka utazame mbali. Mwili ukilalamika usione haya, sema mapema.

Mungu akulindie macho na mikono. Akupe bosi mwenye utu, kama alivyonipa mimi. Na siku ukiwa bosi wewe, usingoje mpaka mtu alie.