Babu Komeo na Wachelewaji

Babu Komeo amekuwa mlinzi wa geti la shule yetu ya msingi kwa miaka kumi na tisa, na kumi na mitatu ya mwanzo sikumpenda. Kengele ya saa moja na robo ilikuwa haijamaliza mlio, komeo la chuma limeshaingia tunduni. Aliyebaki nje amebaki, hata akiwa mwalimu. Mimi aliwahi kunifungia na mitihani ya darasa la nne mkononi, akaniambia kupitia upenyo, "Mwalimu, saa haina undugu na mtu." Jina walimpa wanafunzi, naye akalichukua kama cheo.

Sheria haikuwa yake. Ilikuwa ya mwalimu mkuu: mchelewaji wa mara ya tatu arudi nyumbani, aje na mzazi. Sisi walimu tuliipigia makofi kikaoni. Babu aliitekeleza kwa moyo mweupe, maana aliamini samaki hukunjwa angali mbichi.

Jumanne moja alimfungia msichana wa darasa langu, wa miaka kumi, aliyefika akihema, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ilikuwa mara yake ya tatu. Alisimama kidogo, akavaa kiatu, akaondoka. Nilimwona kutoka dirishani. Kwenye daftari la mahudhurio nikaandika U ya utoro, kesho yake U nyingine, na wiki tatu nzima nikawa napanga U mstarini kama mtu anayepanda mahindi. Mama yake alipokuja kumuulizia, nilimjibu kwamba bintiye ni mtoro, nikaendelea kusahihisha madaftari. Hilo linaniuma mpaka leo, na acha liniume.

Jumamosi ya wiki ya tatu Babu alikwenda sokoni kununua mafuta ya kupaka komeo, kwa sababu lilikuwa limeanza kulia. Nyuma ya mgahawa mmoja akaona sweta ya shule yetu, mikono imekunjwa, aliyeivaa anasugua masufuria.

"We mjukuu wangu, unafanya nini hapa?"

"Naosha vyombo, babu."

"Na kulala?"

Akaonyesha kwa kidole chumba cha magunia.

"Sasa kwa nini huendi kwenu?"

"Si ulisema nije na mama? Mama anatoka alfajiri kufagia hospitali, akiomba ruhusa ovyo watamwachisha kazi. Mimi nampeleka mdogo wangu kwa bibi kwanza, ndiyo nakimbia shule. Siku ile nikakaa hapa sokoni mpaka muda wa kutoka, nikaenda nyumbani. Kesho yake nikafanya hivyohivyo. Siku ya tatu nikajua shule watakuwa wameshamwambia, nikaogopa kurudi."

"Ungenieleza getini, mwanangu."

"Kwani wewe huwa unasikia, babu?"

Babu alirudi bila mafuta. Siku hiyohiyo alimpeleka mama mtu sokoni. Mama alilia, akamkumbatia bintiye mbele ya wateja, wakaenda nyumbani. Lakini mtoto alikuwa na neno lake: nyumbani sawa, getini hakanyagi tena. Mama akamwambia Babu ukweli ulivyo. "Mzee wangu, nikienda kazini nani anabaki naye? Asiporudi shule, sokoni anaijua njia."

Jumatatu Babu akaja kuniomba daftari. Kila mchelewaji alimuuliza anakaa wapi, na jioni akaenda huko kwa miguu, kofia mkononi. Baada ya wiki mbili alikuja darasani kwangu, akakaa kwenye kidawati cha watoto, magoti juu. Majina yalikuwa kumi na saba. Wenye usingizi walikuwa wawili tu. Wengine walichota maji, walilea wadogo zao, mmoja alimpikia uji babu yake mgonjwa.

"Mwalimu, nilidhani nafungia wavivu," akasema. "Kumbe nafungia wafanyakazi."

Akanilazimisha kufundisha wazazi kila Jumamosi: kusoma barua za shule, na kumuuliza mtoto kabla ya kushika fimbo. Akina baba walikuja kwanza kunicheka, halafu wakaja na kalamu. Fundi cherehani jirani na shule akakubali kupokea wale wadogo asubuhi. Mwalimu mkuu pekee ndiye hakusogea. "Sheria ni msumeno, mzee. Robo ni robo."

Msichana alikubali kujaribu mara moja, Jumatatu, akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Akikuta geti limefungwa, basi tena.

Jumatatu hiyo kengele ikalia. Hawakuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama uwanjani, macho kwenye saa.

"Mzee, funga geti."

"Halifungiki, mwalimu."

"Kwa nini?"

Babu akasogea pembeni. Kwenye chuma palikuwa na matundu manne matupu. Alikuwa amelibandua komeo tangu alfajiri, skrubu zikilialia mfukoni mwa koti lake. Mwalimu mkuu alimwambia ataandikiwa barua ya onyo. Babu akasema sawa, ila iandikwe kwa herufi kubwa, macho yake si ya jana.

Saa mbili kasorobo wakatokea, mama bado na sare ya usafi ya hospitali. Msichana alisimama kabla ya geti, hatua mbili, akasubiri lifungwe. Halikufungwa. Akalitazama.

"Babu, komeo liko wapi?"

"Nimelipeleka kupakwa mafuta. Pita, mwanangu."

Akapita. Nilifungua daftari langu la mahudhurio, nikaweka tiki kwenye jina lake.

Barua ya onyo ililetwa, ikafuatwa na nyingine. Komeo halijarudi, na huu ni mwaka wa sita. Yule mdogo aliyekuwa akipelekwa kwa bibi sasa yuko darasani kwangu. Juzi alichelewa, akaingia akihema, akaniuliza yale matundu manne ya getini ni ya nini. Nilimwambia akamuulize dada yake.