Jiwe la Mpagazi

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na ulafi ambao hakuna aliyeuona, kwa sababu haukuwa wa chakula. Nilitaka kujua waliokufa wanakwenda wapi. Niliwauliza watu wazima mpaka wakanichoka. Bibi yangu Nyamizi, aliyenilea pale Lusu wakati baba akiwa kibarua wa reli huko Bukene, aliniambia nikimaliza kupepeta mtama atanijibu. Nilimaliza kupepeta mtama mara nyingi sana.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Kanisa la misheni lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na njia ya kwenda huko ilifuata kipande cha njia ya kale ya misafara, waliyopita wapagazi wa pembe za ndovu kwenda na kutoka Tabora. Katikati ya pori la miyombo, pale njia ilipopinda, kulikuwa na rundo la mawe lililomfika mtu mzima kifuani. Tulipaita Kwa Mpagazi. Bibi alisema chini ya mawe yale yupo mpagazi aliyeshikwa na homa safarini. Wenzake wakagawana mzigo wake, wakamwacha angali akipumua. Jina lake hakuna aliyelijua. Kwa hiyo kila aliyepita aliokota jiwe, akaliweka juu ya rundo na kusema, "Tumekuona." Aliyepita mikono mitupu, mpagazi aliinuka na kumfuata, akitaka asaidiwe kubeba mzigo wake.

Mafundisho ya ubatizo niliyaanza kwa udadisi tu. Mwalimu Petro, katekista wetu, alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha, na alijibu maswali. Hilo lilinitosha. Baada ya miezi kadhaa tukapewa medali ndogo. Wenzangu waliivaa shingoni. Mimi niliifunga kwenye pindo la kanga yangu, pamoja na kipande cha mzizi alichonifungia bibi tangu nilipozaliwa, na hirizi niliyopewa na jirani wa shangazi yangu, mama mmoja Mwislamu wa mtaa wa Gongoni, nilipokwenda Tabora kusalimia. Niliona ni ujinga kuwa na mlinzi mmoja wakati watatu wanapatikana.

Ndipo nikapata wazo la kuwapima.

Siku hiyo tulitoka mafundishoni saa sita mchana, jua la utosini, na wenzangu wakaenda njia yao. Pori lilikuwa kimya. Hata nyuki, ambao huko kwetu hawanyamazi, walikuwa wamenyamaza. Nilipita Kwa Mpagazi bila kuokota kitu, nikiwa nimelishika fundo langu kwa nguvu.

Hatua kama ishirini mbele nikasikia njuga. Wapagazi wa zamani walizifunga miguuni, na bibi alikuwa na jozi moja ya babu yake ikining'inia ukutani, kwa hiyo sauti ile niliijua. Zililia polepole, mwendo wa mtu aliyelemewa. Nikisimama, zinasimama. Kisha mabega yakaanza kuniuma, yote mawili, na shingo ikashuka. Nikafungua kinywa niombe msaada, nikagundua sijui nimwite nani. Nilikuwa na watatu mkononi na sikumfahamu hata mmoja. Sijaogopa hivyo tena maishani, na nimezaa watoto saba, wawili nimewazika.

Nilimkuta bibi uani akitwanga. Aliniangalia shingo, akaacha mchi ndani ya kinu.

"Kabula, umempita?"

"Nimempita, bibi."

Hakunigombeza. Alijifunga kanga ya pili, akaenda zake porini, akarudi jua likiwa limeshuka. Usiku kucha nilitetemeka kwa homa, na asubuhi shingo ikanyanyuka. Leo nikiwasimulia wajukuu zangu wananiambia ilikuwa malaria, na huenda wanasema kweli. Lakini malaria haivai njuga.

Baada ya hapo sikuthubutu kupita bila jiwe. Nilikwenda mafundishoni na jiwe, nikarudi na jiwe, na katikati nikakariri amri za Mungu bila kukosea. Ilipokaribia Pasaka, Mwalimu Petro akanibakiza darasani.

"Kabula, padre atakuuliza kama umeyaacha ya zamani. Utamjibu nini?"

Nikamweleza yote: fundo, njuga, mabega. Nilidhani atacheka. Alikohoa kwanza, akafuta mdomo.

"Mimi nilimwekea mawe mpaka nikaota ndevu," alisema. "Siku ile ulipoogopa, ulimwita nani?"

"Sikumwita mtu, mwalimu."

"Basi hilo ndilo la kushughulikia. Jiwe ni dogo."

Nililala na maneno hayo siku nne. Niliona waziwazi kwamba nilikuwa nimezunguka milango mitatu nikichungulia, nikila harufu ya vyakula vya watu, bila kuingia nyumba yoyote. Nilikuwa nimechoka kuchungulia. Nilimtaka yule ambaye Mwalimu Petro alimwongelea kwa upole, hata pale alipokohoa, kana kwamba wamekaa wote jikoni asubuhi hiyo.

Siku ya tano nikafungua fundo. Hirizi niliiweka kando, ipelekwe kwa mwenyewe Gongoni kwa heshima. Medali nikaivaa. Mzizi nikampelekea bibi kwa mikono miwili.

Aliupokea. Akaugeuza-geuza muda mrefu.

"Huko unakokwenda," aliniuliza, "mimi nitakuwepo?"

Ulafi wangu wote wa maswali, na swali hilo sikuweza kulijibu. Nililia. Bibi akaufunga mzizi kwenye pindo la kanga yake mwenyewe.

"Na Kwa Mpagazi je?"

"Nitapita mikono mitupu, bibi."

"Haya. Pita."

Mkesha wa Pasaka nilikwenda kanisani peke yangu, saa ileile ya mchana, pori likiwa kimya kilekile. Nililifikia rundo, nikalipita. Hatua kama ishirini, nikasikia mtu nyuma yangu. Safari hii hapakuwa na njuga, zilikuwa nyayo tu, nzito, zikikanyaga majani makavu. Nikasema, "Yesu," mara moja, kwa sauti, na nilijua ninamwita nani. Sikukimbia wala sikugeuka. Kisha nikasikia jiwe likigonga jiwe, na nyayo zikaishia pale.

Usiku huo maji yalikuwa baridi. Padre aliponiuliza nilijibu kwa sauti iliyowafanya akina mama wa mbele kugeuka, na nikaitwa Monika. Sijawahi kulijutia jibu lile hata siku moja, na nimekuwa na siku ngumu.

Miaka ikapita, nikaolewa, bibi akazeeka. Alipokuwa kitandani, ugonjwa ule ambao haukumrudisha, nilikuwa nikimnywesha uji nikamsimulia, kwa majivuno ya mtu aliyeokoka, jinsi nilivyompita mpagazi mara ya pili na jinsi alivyokoma kunifuata nilipolitaja jina la Yesu.

Bibi aliusukuma uji pembeni.

"Yule alikuwa mimi," alisema. "Jiwe lako nililiweka mimi. Siku ile, na kila siku uliyopita hapo mpaka ulipoolewa."

"Bibi, kwa nini? Nilikwambia sihitaji."

"Kama huyo Yesu wako ana nguvu, jiwe langu halikumpunguzia kitu. Kama hana, ningekuacha na nani?"

Nilikaa na kikombe mkononi mpaka uji ukapoa. Nilikuwa nimekariri kwa Mwalimu Petro, neno kwa neno, kwamba yupo aliyebeba mzigo wetu nasi hatujui. Nililijibu vizuri mbele ya padre. Lakini nililielewa siku hiyo, kwa mwanamke ambaye hakubatizwa, aliyetembea saa nzima juani nyuma ya mtoto aliyemrudishia mzizi wake, asijulikane. Nilimwomba msamaha. Alisema uji umepoa, nimpashie.

Nyayo za mara ya pili, basi, nazijua. Zile za mara ya kwanza, zenye njuga, bibi alikuwa nyumbani akitwanga, na njuga za babu yake zilikuwa ukutani. Za nani, sijui mpaka leo.

Rundo bado lipo, ingawa majani yameanza kulifunika. Nikienda kanisani napita hapo. Siweki jiwe, neno nililolisema Pasaka ile sijalirudisha. Lakini husimama, mzee mzima na fimbo yangu, nikamwombea mtu yule aliyeachwa angali akipumua, kisha nikamtaja Nyamizi kwa jina lake. Aliniuliza kama atakuwepo huko ninakokwenda, na kila nipitapo hapo namwuliza Mungu swali lile kwa niaba yake. Nimemwambia pia kwamba mimi bila bibi yangu sitaweza kukaa.