Joto la Mwamba

Nilijifungua mtoto wetu wa kwanza mwezi wa sita, baridi ikiwa imekolea, nikapelekwa kijijini Mungaa kwa mama mkwe anitunze. Mume wangu alibaki mjini Singida kazini. Mama mkwe alikuwa ameshaandaa chumba. Dirisha alikuwa ameliziba kwa magunia, maana upepo wa miezi ile hauna adabu, na katikati ya sakafu ya udongo alikuwa amepanga mawe na kuwasha magogo magumu yanayoungua polepole. Moto ule haukuzimwa usiku wala mchana. Alisema mzazi akipigwa na baridi maziwa hukatika, na kichanga akipigwa na baridi ndiyo basi tena.

Siku zile nazikumbuka kama ndoto. Moshi ulitanda juu yetu kama chandarua, ukishuka na kupanda kila mlango ulipofunguliwa. Nililala, nikaamka, nikanyonyesha, nikalala tena, nisijue kama ni asubuhi au jioni. Mkono wa mama mkwe ulijitokeza kwenye moshi na bakuli la uji wa uwele, kisha ukapotea. Aliimba taratibu kwa Kinyaturu, lugha nisiyoielewa vizuri, na wimbo ukanipitia kama maji. Kila baada ya ubeti alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa cha miaka mingi na nyumba nzima ilikwisha kukizoea. Macho yaliniwasha, lakini nilikuwa na joto na nilikuwa napendwa. Sikutamani kutoka.

Asubuhi moja mtoto alikataa ziwa. Nilipomfunua niliona ngozi chini ya mbavu ikididimia kila alipovuta pumzi, na puani akitoa mlio mdogo kama wa kifaranga. Nikamwita mama mkwe. Alimtazama, akamfunika akanikabidhi, akaenda barabarani kutafuta bodaboda.

Nesi wa zahanati alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akamvua mtoto nguo, akakodolea saa macho huku akihesabu pumzi. Kisha akainua shali la mtoto akalinusa. Akauliza kama tunapikia chumbani. Mama mkwe akajibu kwamba hapana, ule ni moto wa kuwapasha joto tu. Nesi akamweleza kwa heshima kwamba ndani ya moshi wa kuni kuna vumbi laini kuliko unga, lisiloonekana kwa macho, ambalo hupita puani na kooni likatua ndani kabisa ya mapafu, na kwamba mapafu ya kichanga hayana nguvu ya kupigana nalo. Hakusema moshi peke yake ndio uliomwangusha mtoto. Alisema ilikuwa nimonia, na moshi huipa njia. Akamchoma sindano ya kwanza, akatutafutia gari la kutufikisha hospitali.

Huko alilazwa akisaidiwa kupumua kwa mpira puani. Homa ilipoanza kushuka, mimi na mama mkwe tulikaa kwenye benchi la nje, juani.

"Mwanangu," akasema, "yule mtoto wangu wa pili, yule aliyeondoka na kifua. Alizaliwa mwezi kama huu. Nilimkokea moto usiku na mchana. Ndiyo ule moshi?"

"Sijui, mama. Hata nesi hakusema ni moshi peke yake."

"Lakini haukumsaidia."

"Haukumsaidia, mama."

Akakunja pindo la kanga, akalikunjua. "Nilimkokea kwa kumpenda," akasema, kama kuna mtu amebisha. Nikaushika mkono wake. Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Tuliporuhusiwa kurudi, aliyabandua magunia dirishani yeye mwenyewe, akayahamishia mawe kwenye jiko la nje. Chumba kikajaa mwanga na baridi. Nilimwona akizunguka na wasiwasi, akigusa kuta. Jua lilipoanza kulala akaniita nyuma ya nyumba, kwenye mwamba mkubwa anapoanikia uwele na alizeti. Alikuwa amefagia nafaka pembeni. Tukakaa upande usiopigwa na upepo, na joto la mchana kutwa likapanda kutoka jiweni, likapenya kanga, likafika mifupani. Alimlaza mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa shali. Hewa ilinukia majani makavu. Mtoto alipumua bila mlio. Sijui tulikaa muda gani. Nilisinzia na kuamka, na mbingu ilikuwa zambarau.

Ikawa hivyo kila jioni mpaka baridi ilipokatika. Kulala tulilala kitanda kimoja sote watatu, mtoto amevikwa kofia ya sufu.

Binti yetu sasa ameanza shule. Mama mkwe naye alikubali kupimwa kifua, na daktari akamuuliza amevuta sigara miaka mingapi. Alikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani, maana hajawahi kugusa sigara. Amepewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na kikohozi kimepungua ingawa hakijaisha. Baridi ikianza hunipigia simu huku mjini, akaanza kwa kuuliza kama mtoto ana sweta zito.